Nyumba ya Lameki: Neno Juu ya Gitaa, Dansi na Nyimbo za Vijana

Masomo: Mwanzo 4:19–22, 1 Samweli 16:14–23



Mwezi huu tumekusudia kuwaandikia juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika mitaa yetu ya Sekenke, nasi twadhani si Sekenke peke yake. Ni habari ya muziki wa dunia: gitaa, dansi, na nyimbo zipigwazo kwa spika mpaka usiku wa manane. Wengine wasema kwamba muziki huu wote ni wa Shetani, na mkono ulioupiga usikaribie madhabahu. Wengine wasema kwamba tusipouingiza kanisani, vijana watatoka wote. Sisi tumewasikia hawa na hawa, tena tumekosea katikati yao, kama mtakavyosoma. Basi tulichukue neno hili mbele ya Maandiko, tulitazame polepole.

Katika sura ya nne ya Mwanzo twasoma habari za nyumba ya Lameki. Huyu alikuwa mtu wa uzao wa Kaini, mjeuri, aliyejisifu mbele ya wake zake kwa ajili ya damu aliyoimwaga. Katika nyumba ile walizaliwa wana watatu, na Maandiko yanawataja kwa kazi zao. Yabali alikuwa baba wa watu wakaao hemani na kufuga wanyama. Yubali, ndugu yake, alikuwa baba wa wote wapigao kinubi na filimbi. Na Tubal-kaini, mwana wa mke wa pili, alifua vyombo vya shaba na chuma. Wafugaji, wapiga muziki na watu wa madini, wote nyumba moja!

Ndugu, ni nani kwetu asiyeitambua nyumba hiyo? Tukisimama juu ya mlima wa Sekenke na kutazama chini, twaona mbuga ya Wembere na makundi ya ng'ombe. Tukigeuka, twaona maduara ya dhahabu na vijana watokao humo wakiwa weupe kwa vumbi. Na jua likichwa, twasikia gitaa. Yabali yupo, Tubal-kaini yupo, na Yubali yupo. Neno hili liliandikwa kwa ajili yetu.

Basi angalieni jambo hili. Maandiko hayafichi ya kwamba kinubi kilitoka katika nyumba ya Kaini. Hayasemi kwamba malaika alikileta, wala kwamba Habili alikitengeneza. Kilitoka mikononi mwa watu wenye dhambi, katika nyumba yenye damu. Lakini tukifungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kumi na sita, twakikuta kinubi mkononi mwa Daudi, kijana aliyepakwa mafuta, naye akipiga, mfalme Sauli apata nafuu. Baadaye twakikuta hekaluni, na Walawi wakimsifu Mungu kwacho. Kati ya Yubali na Daudi hatusomi mahali popote kwamba Mungu aliagiza kinubi kivunjwe, kitengenezwe kingine kisicho cha uzao wa Kaini. Kilichobadilika ni yule akipigaye, na yule apigiwaye.

Kwanza: kosa letu hapa Sekenke

Sasa hatuna budi kuungama. Miaka michache iliyopita alikuja kwetu kijana wa usharika huu, aliyebatizwa hapa na kupata kipaimara hapa. Jina lake hatulitaji. Mchana hushuka duarani kuchimba. Jioni hupiga gitaa mahali panapouzwa pombe, naye hulipwa kidogo. Majuma matatu kabla ya Pasaka alitujia akiwa amevaa vizuri, akasema: "Baba Mchungaji, naomba nipige pamoja na kwaya siku ya Ufufuo."

Tuliwaita wazee. Maneno yakawa mengi. Mzee mmoja, mtu mwema aliyelitumikia kanisa miaka mingi, akasema kwamba mkono upigao kilabuni usiku wa Jumamosi hauwezi kupiga kanisani asubuhi ya Jumapili. Wengi wakaitikia, na sisi tuliokuwa mwenyekiti tukaona vema kufuata wengi. Tukamwita kijana, tukamwambia kwamba ombi lake halikukubaliwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akatuuliza kwa adabu: "Baba, mkono huu huu hushika sururu. Fedha ya duara mwaipokea katika sadaka, wala hamwulizi imetoka wapi wala nyingine imekwenda wapi. Mbona gitaa tu ndilo mlikataalo?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema kwamba ndiyo desturi ya usharika. Akaaga, akaenda zake, wala hatukumwona kanisani kwa miezi kumi na mmoja.

Nasi tulijiona tumelilinda kanisa. Lakini siku ile ile ya Pasaka kwaya yetu iliimba kwa kinanda cha umeme, na ndani ya kinanda kile mlikuwamo mapigo ya rumba yaliyowekwa na watu wa kiwandani, nasi tukapiga makofi kwa furaha. Mapigo yale yale tuliyomkataza kijana wa mtaa wetu tuliyapokea kwa mashine, kwa sababu mashine haina jina wala haijulikani hulala wapi. Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba hatukuhukumu muziki. Tulimhukumu mtu, tena bila kumwuliza habari za moyo wake. Katika baraza lile tulisema juu ya gitaa kwa muda wa saa mbili, na juu ya roho ya kijana yule hatukusema hata dakika moja.

Pili: yaliyotokea Marekani

Mtu asidhani kwamba jambo hili limeanza kwetu. Wengi wetu tumesikia habari za muziki uitwao rock and roll, uliotokea Marekani katika miaka ya 1940 na 1950 na kuenea duniani kote, na wahubiri wengi wa siku zile waliulaani. Lakini tukiuliza muziki huu ulizaliwa wapi, jibu latushangaza: sehemu kubwa ya mizizi yake ilikuwa kanisani.

Katika mwaka 1915, katika jimbo la Arkansas, alizaliwa mtoto mwanamke, baadaye akaitwa Sister Rosetta Tharpe. Mama yake alikuwa mwinjilisti wa kanisa la watu weusi liitwalo Church of God in Christ, naye mtoto alipiga gitaa katika mikutano ya injili tangu utoto wake. Mwaka 1938 alianza kurekodi santuri, akaimba pia katika majumba ya starehe ya New York, na watu wengi wa kanisa wakachukizwa. Lakini hakuacha kuimba habari za Mungu. Mwaka 1944 alirekodi wimbo wa kiroho uitwao "Strange Things Happening Every Day", uliotolewa mwaka uliofuata, na wajuzi wengi wa muziki huuhesabu kuwa mmojawapo wa mwanzo wa rock and roll. Elvis Presley na wengine wengi walimsikiliza gitaa lake wakajifunza. Alikufa mwaka 1973, na kaburi lake huko Philadelphia lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina. Tazameni: aliyejulikana dunia nzima hakuwa na jina juu ya kaburi lake. Dunia ilimwona kuwa mtu wa kanisa mno, na kanisa lilimwona kuwa mtu wa dunia mno.

Elvis mwenyewe, aliyerekodi santuri yake ya kwanza ya kuuzwa huko Memphis katika Julai 1954, alilelewa katika kanisa la Assemblies of God. Katika maisha yake alipata tuzo tatu za Grammy katika mashindano, na zote tatu zilikuwa kwa ajili ya nyimbo za dini. Chuck Berry, aliyetoa "Maybellene" mwaka 1955, alikuwa mtoto wa shemasi wa kanisa la Kibaptisti huko Saint Louis. Na Jerry Lee Lewis alipelekwa na mama yake katika chuo cha Biblia huko Texas. Yasimuliwa ya kwamba alifukuzwa kwa sababu alipiga wimbo wa kanisa kwa mwendo wa dansi. Akaenda zake, na mwaka 1957 akawa mashuhuri, lakini hofu ya jehanamu haikumwacha.

Lakini wa kuhurumiwa zaidi ni Little Richard. Huyu alikuwa katika kilele cha sifa alipokuwa safarini Australia mwaka 1957. Akatangaza kwamba anaacha muziki wa dunia ili amtumikie Mungu, akaingia chuo cha Oakwood huko Alabama kujifunza Maandiko. Baada ya miaka michache akairudia rock and roll. Kisha akaiacha tena, akairudia tena, hata alipokufa mwaka 2020 watu walikuwa wakibishana alikuwa wa upande gani. Ndugu, mtu huyu alivutwa huku na huku kama mbuzi mwenye kamba mbili shingoni. Hakuna aliyemfundisha kwamba Bwana aweza kumiliki kidole cha mpiga kinanda kama anavyomiliki ulimi wa mhubiri.

Tena yuko mmoja aliyekwenda njia ya kinyume. Thomas Dorsey, mwana wa mhubiri, alizaliwa Georgia mwaka 1899. Katika ujana wake alipiga nyimbo za vilabuni zilizojaa maneno machafu, naye aliitwa Georgia Tom. Akamgeukia Mungu, akaanza kutunga nyimbo za kanisa kwa kutumia sauti zile alizozizoea, na makanisa mengi yakamfungia mlango. Mwaka 1932, akiwa safarini kwa kazi hiyo, alipata habari ya kuwa mke wake amekufa katika kujifungua; na mtoto naye akafa. Katika huzuni ile alitunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, uitwao "Take My Hand, Precious Lord". Leo wimbo huo waimbwa makanisani pande nyingi za dunia, na wengi wauimbao hawajui kwamba mikono iliyoutunga ilikuwa mikono ya kilabuni.

Tatu: yaliyotokea katika nchi yetu

Nasi hatukuachwa nyuma. Wazee wetu walisimuliwa habari za beni, ngoma iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za tarumbeta za majeshi. Wapagazi na askari wa vita ya 1914 mpaka 1918 waliieneza bara, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Kisha, tangu mwaka 1933, zikaja santuri za Cuba zilizoandikwa herufi GV, na vijana wa miji yetu wakazipenda sana. Wala si ajabu, maana muziki wa Cuba wenyewe ulibebwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Wana wake walikuwa wakiisikia sauti ya ndugu iliyopotea ikirudi nyumbani. Kutoka hapo zikatokea bendi za dansi: Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, huko huko Morogoro. Rock and roll nayo ikaja kwa sinema na santuri. Hata mmoja wa waimbaji wakubwa wa muziki huo, aliyejulikana Uingereza kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946.

Serikali nayo ilijaribu kuzuia. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa unawaharibu vijana. Je, vijana waliacha kuupenda? Hawakuacha. Amri yaweza kunyamazisha santuri, lakini haiwezi kumpa mtu wimbo mwingine.

Na kanisa letu je? Katika sharika nyingi za Kilutheri waliotutangulia walikatazwa ngoma yote, njema na mbaya pamoja, wakapewa tuni za Ujerumani na Sweden. Hatuzidharau tuni hizo. Zimetulea, na wengi wetu tutazikwa kwazo. Lakini watu waliimba habari za wokovu kwa sauti ya ugenini, na habari za mavuno na harusi kwa sauti ya nyumbani, hata wengine wakafikiri kwamba Yesu ni mgeni.

Mungu hakutuacha hapo. Mwaka 1946 alikuja nchini mmisionari wa Marekani, Howard Olson, aliyejifunza sana lugha ya jirani zetu Wanyaturu na baadaye akafundisha katika chuo cha Makumira. Yeye na wanafunzi wake walikusanya tuni za Kiafrika, wakazitungia maneno ya Injili, na zikachapwa katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Mwanafunzi mmojawapo, Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, alitunga wimbo wa Ufufuo, "Mfurahini, Haleluya". Wimbo ule umetafsiriwa kwa Kijerumani, umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa huko, na Wajerumani wauimba wakati wa Pasaka. Basi tuni iliyoogopwa mlangoni petu imekuwa furaha ya wajukuu wa wale waliotuletea Injili. Wachimbaji wa hapa wajua jambo hili. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao wao huuita marudio, hutupwa kando. Kisha huja mtu mwenye maarifa zaidi, akauosha tena, akapata dhahabu.

Nne: je, tupokee kila kitu?

Hapo mtu atasema: Basi, Mchungaji, unafungua mlango, kila kitu kiingie. La, ndugu, sivyo. Marudio yana dhahabu, lakini mtu hali mchanga. Dhahabu haipatikani ila kwa kusaga, na kuosha, na kupitisha motoni. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, sura ya tano, wasimzimishe Roho. Na mahali pale pale akawaagiza wapime mambo yote, walishike lililo jema na kujitenga na ubaya. Asiyepokea kitu hapimi, na apokeaye kila kitu naye hapimi.

Baba yetu Martin Luther aliyajua haya. Katika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha mwaka 1524 aliandika kwamba hataki Injili iziangushe sanaa, bali apenda kuziona zote, na hasa muziki, zikimtumikia yeye aliyeziumba. Wakati huo huo Zwingli huko Zürich, ambaye alijua kupiga ala nyingi, aliondoa muziki wote katika ibada. Luther hakufuata njia hiyo. Lakini hakuwa mtu asiyepima. Mwaka 1535 alipotoa wimbo wake wa Krismasi, "Vom Himmel hoch", uliimbwa kwa tuni ya wimbo wa watu wa mitaani. Miaka minne baadaye, 1539, ulipewa tuni nyingine, na hiyo ndiyo iliyoenea mpaka leo. Twaona hapa mambo mawili. Aliazima bila woga, na alipoona kuna iliyo bora akabadili bila haya. Huo ndio uhuru wa mtoto nyumbani mwa baba yake.

Basi sisi tutapimaje? Twawapa maswali matatu, nanyi wainjilisti mwaweza kuyatumia katika mitaa yenu.

La kwanza: maneno yasema nini? Wimbo uwadharauo wanawake, au usifuo uzinzi na ulevi, hautakaswi kwa kupigwa vizuri. Tena wimbo ulitajao jina la Yesu mara ishirini bila kutufundisha habari yake hata moja, nao ni mtupu, ingawa waimbwa kanisani.

La pili: baada ya wimbo, watu hufanya nini? Musa aliposhuka mlimani alisikia nyimbo kambini, na alipofika akaona ndama. Amosi naye alinena ya kwamba Mungu alizikataa nyimbo na vinanda vya Israeli, si kwa sababu tuni ni mbaya, bali kwa sababu haki haikuwa malangoni. Kwa hiyo swali hili latuhukumu sisi kwanza. Kama kwaya yetu yaimba vizuri na wanakwaya hawasalimiani, wimbo wetu ni wimbo wa ndama.

La tatu: mpigaji ni wa nani? Hapa turudi kwa Daudi na Sauli. Kinubi kilimpa Sauli nafuu, lakini hakikumgeuza. Sura ya kumi na nane yatuambia kwamba Daudi alipokuwa akipiga, Sauli aliutupa mkuki ili amchome. Angalieni sana, ninyi mdhanio kwamba spika kubwa zitajaza kanisa: muziki waweza kutuliza moyo, hauwezi kuuzaa upya. Kazi hiyo ni ya Neno na ya Roho, kwa maji ya ubatizo na kwa Chakula cha Bwana. Tukiwa na gitaa bila Neno, tutakuwa na akina Sauli wengi, waliotulia kwa saa moja, na mkuki ungali karibu nao.

Tano: neno kwa kila mmoja

Kwenu vijana. Hatutaficha yale tuyaonayo. Twawajua baba zenu na kaka zenu waliopata dhahabu Ijumaa, na Jumatatu wakaja kukopa unga. Twawajua akina mama walioketi na watoto wakingoja hatua mlangoni, huku muziki ukisikika toka mbali. Gitaa halikunywa fedha ile, lakini lilikaa pamoja na walioinywa. Wewe upigaye, usiseme, Mimi napiga tu. Jiulize wimbo wako wamkaribisha nani na wamweka mpaka saa ngapi. Na kama kazi yako yakufanya uwe mlango wa kupotea kwa nyumba ya jirani yako, tafuta mahali pengine pa kupigia, nasi yatupasa kukusaidia kupatafuta.

Kwenu wazee. Tusiwe kama Mikali, binti Sauli, aliyechungulia dirishani, akamwona Daudi akicheza mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Hakushuka njiani na watu. Alihukumu kutoka juu. Kabla hatujamkataza kijana, na tushuke, tukae naye, tumsikilize. Wengi wamedai kwamba Luther alisema hapendi kumwachia Ibilisi tuni zote nzuri. Wajuzi hawakuyaona maneno hayo katika vitabu vyake. Hata hivyo, ndugu, kuna jambo zito kuliko tuni. Tusimwachie Ibilisi watoto wetu.

Kwenu wainjilisti na waalimu. Msivunje, wala msiingize, bila kupima pamoja na usharika. Wafundisheni wanakwaya Katekisimo pamoja na sauti. Na mkimwona mpigaji wa dansi ameketi nyuma kanisani, msimtazame kama mgeni.

Dhahabu ya Sekenke yatufundisha. Mwaka 1916, Wajerumani walipozungukwa na vita, walichukua dhahabu iliyotoka mlima huu wetu, wakaifua kule Tabora kuwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo, ili vita iendelee. Dhahabu ya mwamba ule ule yaweza kuwa pete ya ndoa. Mwamba haukuchagua. Mwenye kuifua ndiye aliyechagua. Ndivyo ilivyo kwa Tubal-kaini, na ndivyo ilivyo kwa Yubali ndugu yake.

Mtauliza, Yule kijana je? Baada ya miezi kumi na mmoja tulikwenda kwake, sisi na yule mzee aliyesema neno la mkono. Tulimkuta kwenye kivuli karibu na duara lake, akila. Tulimwomba radhi kwa jambo moja, yaani kwamba tulimpa jibu bila kumsikiliza. Mzee akasema, "Mwanangu, nilisema juu ya mkono wako kabla sijaushika." Akaushika. Kijana hakusema mengi. Jumapili ya pili alikuja, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Tangu hapo huja, si kila mara. Siku nyingine jioni bado hupiga kule kwenye pombe, na twazungumza naye juu ya hilo bila kufichana. Baraza limekubali kwamba, akiisha kufundishwa pamoja na wenzake, atapiga na kwaya. Yeye amesema, "Nitaangalia kwanza." Nasi tumesema ni haki yake, maana sisi tulimfanya angoje.

Hatuwezi kuwaandikia mwisho wa habari hii, kwa kuwa haujafika. Tumewaandikia ili ninyi msipoteze miezi kumi na mmoja kama sisi.

Na tuombe. Bwana Mungu, uliyekitoa kinubi katika nyumba ya Kaini ukakiweka mkononi mwa Daudi, uitazame nyumba yetu ya Sekenke. Uwalinde walio chini ya mwamba. Uwarudishe nyumbani wenye kukesha katika ulevi. Utusamehe sisi wachungaji na wazee tuliofunga mlango uliokuwa wazi kwako. Uwape vijana wetu wimbo ulio safi, uwape na sikio la kulisikia Neno lako, hata siku ile tutakapoimba pamoja mbele zako, na asiwepo wa kuuliza mikono yetu ilitoka wapi, kwa kuwa wote tumeoshwa na Mwana wako Yesu Kristo. Amina.